Meza ya Wasiosemeshana

Risala ya wafanyakazi wa ukumbi kwa mgeni rasmi, siku ya kufunga Maonyesho ya Kimataifa ya Sanaa za Kisasa, "Dunia Haijatulia"

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Kamishna wa Utamaduni. Mkurugenzi wetu, ambaye tunamwona ameketi upande ule mwingine kabisa. Wasanii mliotoka ng'ambo na mliotoka mtaa wa pili. Mabibi na mabwana:

Makaribisho

Sisi wafanyakazi wa ukumbi huu tunakukaribisha kwa furaha. Tunakuomba radhi pia kwa kuwa ulipofika ulifunguliwa mwavuli baada ya kuingia ndani, si kabla. Sababu yake utaisikia huko mbele.

Tulitakiwa risala isiwe ndefu. Mkurugenzi alitupatia mfano alioutunga yeye mwenyewe, mzuri sana, wenye maneno "mafanikio makubwa" karibu kila mstari. Tuliusoma, tukaupenda, tukaukunja. Hii tunayoisoma ni yetu. Inamhusu mwenzetu mmoja anayekaa kwenye dirisha la tiketi, ambaye wote tunamwita Mama Tiketi, kwa sababu kueleza maonyesho haya bila kumtaja yeye ni kama kusimulia harusi bila bibi harusi. Yupo pale nyuma, amevaa gauni la bluu. Tulipomwomba ruhusa alijibu, "Semeni yote, ila msinifanye malaika." Tutajitahidi.

Historia fupi ya ukumbi, na ya ugomvi

Jengo hili lilikuwa ghala. Wale wanaokumbuka magunia wanasema lilikuwa na panya wenye heshima zao. Baadaye likapakwa rangi nyeupe, likaitwa ukumbi, nasi tukaajiriwa.

Mama Tiketi aliajiriwa pamoja na mumewe, Fundi Taa, anayeshughulikia umeme. Na dada yake Fundi Taa ndiye mshonaji wetu. Anakaa kwenye kachumba kalichoko chini ya ngazi, akishona mapazia meusi ya vyumba vya filamu. Kwa kuwa Mama Tiketi alikuwa akimwita "wifi" kutwa nzima, jina likamganda. Siku hizi sote tunamwita Wifi, hata walinzi wenye ndevu.

Mawifi hawa walikuwa chanda na pete. Mchana walikula kwenye kibakuli kimoja, wakisengenya wageni kwa sauti ya chini. Mama mzazi wa Wifi, yaani mama mkwe wake Mama Tiketi, alikuwa akiishi kwa Mama Tiketi, na hakuna aliyeona tatizo. Daktari alikuwa amemkataza sukari. Mama Tiketi alilichukua katazo hilo kama amri ya jeshi: chai kavu, mkate bila jamu, na kabati la jikoni lenye kufuli.

Siku moja Mama Tiketi akiwa jikoni alisikia kishindo chumbani kwa mama mkwe. Alipoingia alimkuta kikongwe sakafuni, kigoda kimepinduka, mkono umevimba. Alimpeleka hospitali, akakaa naye, akarudi naye na bandeji. Wifi alikuwa safarini kununua vitambaa, na habari akaipata kwa jirani, tena ikiwa imeshatiwa chumvi. Akaja moja kwa moja na gari la mizigo la kuazima. Hakubisha hodi. Alisimama uani, majirani wakisikia, akasema, "Mama yangu nilimwacha mzima, nimemkuta na bandeji. Mtu akichoka kutunza mama wa mwenzie si aseme?"

Mama Tiketi alifungua mdomo, halafu akaufunga. Akaingia ndani, akalishika godoro upande mmoja, akasaidia kulipakia. Alimwekea mama mkwe mito miwili mgongoni, akamfunika miguu, akasimama getini hadi gari lilipokata kona. Kilichomkereketa siku zote zilizofuata ni yale macho ya majirani, waliomtazama kama mtu aliyemsukuma kikongwe kwa mikono yake. Godoro lingeweza kurudi siku yoyote.

Tangu hapo mawifi hawakusemeshana. Ujumbe ulipita kwetu hata wakiwa wamesimama ana kwa ana. "Mwambieni huyo wa tiketi amekanyaga uzi wangu." "Mwambieni huyo wa mapazia uzi hauna jina." Fundi Taa alikula kwa mkewe jioni, kisha akaenda kumjulia hali mama yake na kulazimishwa kula tena kwa dada yake, maana kukataa kungetafsiriwa vibaya. Alinenepa mpaka ngazi ya kubadilishia taa ikaanza kulalamika.

Jinsi meza ilivyofika

Mgeni rasmi, maonyesho haya yalikusanya kazi za watu wanaoishi katika nyakati ngumu. Tulipokea mlango uliotobolewa risasi, tulipokea filamu ya bahari inayorudisha viatu ufukweni, tulipokea shuka lililoshonwa kwa vitambaa vya mahema. Tulizipokea, tukazipangusa, tukazitundika, na wengine wetu tulijifuta macho tukisingizia vumbi.

Kazi moja haikuja na mzigo wowote. Msanii wake, mama mmoja wa makamo, alikwama kwao kwa sababu ya mapigano, uwanja wa ndege umefungwa. Akatuma maelekezo kwa simu. Iwekwe meza ya mbao isiyo na kitambaa. Viwekwe viti viwili. Waketi watu wawili wasiosemeshana, kila alasiri, mpaka mmoja wao atamke neno. Basi.

Mkurugenzi aliajiri waigizaji wawili, vijana hodari wa kununa. Asubuhi ya ufunguzi waigizaji wakapata tangazo la sabuni, wakaenda zao. Mkurugenzi akatufuata chumba cha chai, tai imeelekea begani, akauliza, "Jamani, kuna watu wowote humu ndani wasiosemeshana?"

Tunataka ieleweke kwamba hakuna aliyenyoosha kidole. Tuligeuza shingo tu.

Mama Tiketi akasema, "Na tiketi atauza nani?"

Wifi akaliambia birika la chai, "Mwambieni Mkurugenzi mimi nina mapazia."

"Pazia lisubiri," Mkurugenzi akasema. "Mabalozi wanakuja saa tisa."

Wifi akafikiri kidogo, akaliambia tena birika, "Basi nitakaa. Kwa kunyamaza mtu hanishindi, sembuse huyo."

Mama Tiketi aliyasikia maneno hayo vizuri. Akakiweka kikombe chini, akajifunga kilemba upya, akatangulia kwenda mezani.

Mafanikio

Siku ya kwanza walikaa kama mawe. Siku zilizofuata, kadhalika. Wageni walizunguka kamba wakinong'ona. Bwana mmoja mrefu kutoka ng'ambo aliandika gazetini kwamba ule ulikuwa ukimya wa mataifa yaliyopoteza imani. Sisi tulijua ni ukimya wa bandeji, lakini hatukuulizwa.

Mama Tiketi naye hakuwa akiwaza mataifa. Kwa miezi mingi alikuwa amemwona wifi yake kwa upande tu, kisogo au bega likipita korido. Sasa alikuwa naye usoni, hana pa kukimbilia. Akaona mvi zimeanza kwenye paji. Akaona kidole gumba kimejaa alama za sindano, na macho mekundu ya mtu asiyelala vizuri. Akaona pia vipuli masikioni, ambavyo yeye mwenyewe alimpa Wifi siku yake ya kuzaliwa. Bado alikuwa anavivaa. Mtu aliyekuchukia kabisa angevitupa, akawaza, au angalau angevivaa Jumapili tu. Alitamani kumuuliza mama analala saa ngapi, na kama bado anakataa dawa ile chungu. Lakini angeongea angekuwa ameshindwa, na mbele ya mabalozi. Akaendelea kununa.

Aliyetuokoa ni Fundi Taa, au tuseme tumbo lake lililochoka kula mara mbili. Alikwenda kwa dada yake, akamwambia mama yake kwamba kuna onyesho zuri mjini na atamsindikiza. Mama mkwe alikuja amevaa vizuri, fimbo mkononi, akakataa kuingia bure. Alikata tiketi kama watu wengine. Dirishani alikuwa mwenzetu wa kupokezana, aliyemtambua na akaamua kutomtambua.

Kikongwe alisimama nyuma ya kamba, akawatazama. Akamuuliza mlinzi, kwa sauti ya mtu asiyesikia vizuri, "Hawa wanangu wanafanya nini?"

"Wananyamaziana, bibi."

"Na watu wote hawa wamekuja kutazama hilo?"

"Ndiyo, bibi. Wengine kwa ndege."

Akaivuka kamba. Mgeni rasmi, kanuni zetu zinasema mgeni asivuke kamba. Hazikusema lolote kuhusu mama mkwe, na mlinzi aliyekuwa zamu anasimamia hoja hiyo hadi leo. Kikongwe aligonga meza kwa fimbo.

"Nilianguka mwenyewe," akasema. "Nilipanda kigoda kufuata biskuti."

Wifi alimgeukia. "Biskuti zipi, mama? Si umekatazwa?"

"Zile unazoniletea wewe ndani ya mkoba. Nilikuwa naficha kopo juu ya kabati la nguo."

Bwana mrefu wa gazetini aliacha kuandika. Wifi alimtazama mama yake, akaitazama meza, kisha polepole akamtazama Mama Tiketi.

"Wewe ulijua?"

Hapo ndipo Mama Tiketi alipotamka neno lake la kwanza. "Nilizifagia," akasema. "Zilikuwa zimetapakaa chumba kizima."

"Mbona hukusema? Nimekutukana mbele ya majirani, umenisaidia na kubeba godoro. Mbona hukusema?"

"Ningekwambia mama yako ameangushwa na biskuti zako," Mama Tiketi akajibu, "ungelala?"

Wifi aliinuka. Miguu ya kiti ikapiga kelele sakafuni; akaizunguka meza, akabanana na wifi yake kwenye kiti kimoja, akamlalia begani. Mama Tiketi alimpigapiga mgongoni kama anayembembeleza mtoto acheue, huku akimwambia taratibu, "Na ulivyokunja uso wiki nzima. Nikadhani utabaki hivyo." Kikongwe alikalia kile kiti kilichoachwa wazi, akaomba chai. Aliitaka ya sukari. Walikataa wote wawili kwa pamoja.

Wageni walipiga makofi, wakidhani imepangwa.

Hapa ndipo risala ya Mkurugenzi ilipoandika "kazi iliendelea kwa mafanikio makubwa". Ukweli ni kwamba alikuja mbio, akawaita pembeni, akawaambia, "Nawapongeza, nimefurahi sana, lakini maonyesho ndiyo kwanza yameanza. Hamwezi kugombana tena kidogo?"

Walijaribu, kwa kumhurumia. Walirudishwa mezani, wakaambiwa wanyamaze. Ilikuwa mateso. Mmoja akimtazama mwenzie, midomo inatetemeka. Wifi alikuwa akimkanyaga Mama Tiketi kwa chini, na Mama Tiketi alikuwa akiuma kilemba asicheke. Siku moja walicheka mpaka machozi, vichwa vimeinamishwa mezani, mabega yakiruka. Bwana mrefu akaandika kwamba kazi imefikia kina kipya cha maombolezo.

Aliyeligundua ni msanii mwenyewe, kwa picha za simu kutoka mbali. Alipiga, tukaweka sauti kubwa, mkalimani akatufasiria. "Wale wawili wanapendana," alisema. "Nawaona. Wainueni. Wekeni wengine." Mkurugenzi akaanza kueleza mambo ya ratiba. Yule mama akamkatiza: "Hapa kwetu tunatafuta watu wa kukaa meza moja, hatuwapati. Ninyi mmewapata, mnawalazimisha kununa?" Tunampa Mkurugenzi heshima yake, kwa kuwa aliachana na ratiba, akaomba radhi.

Meza ikabaki wazi, na watu wakaanza kuja wenyewe. Alikuja mwenye nyumba na mpangaji wake. Walikuja ndugu wawili wauza vipuri ambao maduka yao yametenganishwa na ukuta mmoja. Alikuja binti na baba yake, wakakaa alasiri nzima bila neno, wakaondoka, wakarudi kesho yake. Wengine walipatana, wengine walitukanana vizuri tu kisha wakaenda zao wamepumua. Mama Tiketi na Wifi ndio waliokuwa wakiwapokea. Mama Tiketi anawaonyesha viti, Wifi anavuta pazia kama wanaona haya. Kama haya si mafanikio makubwa, basi maneno hayo yafutwe kwenye risala zote.

Changamoto

Paa linavuja. Linavuja ofisini, linavuja korido, na linavuja pale ulipoketi, ndiyo maana ya mwavuli. Mhandisi aliyeletwa kulikagua alitazama juu kidogo, kisha akaenda kumalizia ukaguzi nje. Tumeweka ndoo. Wageni walikuwa wakizisogeza kwa miguu, basi tukazibandikia vibao kama kazi nyingine: "Ndoo na mvua. Msanii: paa." Tangu hapo hakuna anayezigusa, na mama mmoja aliuliza kama zinauzwa.

Mvua kubwa zikija paa likiwa hivi, ukumbi utafungwa, nasi tutarudi nyumbani: wa tiketi, wa taa na wa mapazia, familia nzima kwa mpigo mmoja. Hilo halitufanyi tucheke.

Tumejiuliza kwa nini paa halitengenezwi. Jibu tunalijua, na wewe, Mheshimiwa, unalijua, na Mkurugenzi analijua zaidi. Siku ukumbi ulipofunguliwa baada ya kupakwa rangi, wewe ulicheleweshwa na barabara, na Mkurugenzi akaukata utepe bila wewe. Ulipofika ulikuta vipande viwili vya utepe na watu wanakula keki. Tangu siku hiyo ombi la paa hupanda kwako, likashuka limeandikwa "limeonwa". Likapanda tena, likashuka limeandikwa "lilishaonwa". Tarishi wetu husimama katikati akipokea maneno: mwambie huyo Kamishna wako, mwambie huyo Mkurugenzi wako. Mtindo huu tunaufahamu. Tuliuishi chini ya ngazi na dirishani, na tuliona ulikoishia.

Hatusemi nani alikosea. Keki ile sisi pia tuliila.

Maombi

Tunaomba paa.

Tunaomba walinzi wa milango wapatiwe viti, maana hadi sasa viti vyote vizuri humu ndani ni vya sanaa, haviruhusiwi kukaliwa.

Ombi la mwisho tumelijadili sana, na baadhi yetu tulilikataa kwa woga, mpaka Mama Tiketi alipoinuka chumba cha chai akasema, "Mimi nilinyamaza nikidhani namlinda mtu. Nilichopata ni kutomwona mama mkwe wangu miezi yote ile. Someni." Basi tunasoma.

Mheshimiwa, ile meza haijaondolewa. Msanii ametuachia. Tumeiweka chumba cha ndani, pasipovuja sana. Tunaomba, hafla hii ikiisha, wewe na Mkurugenzi mkae. Hatuwaombi mpatane, hayo si mamlaka yetu. Mkae tu. Kamba tumeiondoa. Waandishi wa habari tumewaandalia vinywaji upande wa pili wa jengo, na bwana mrefu tumemwonyesha ndoo mpya. Wifi ameshona pazia zito, atalivuta mkishaingia. Mama Tiketi amefunga dirisha, kwa sababu onyesho hili halina tiketi wala halitatazamwa na mtu.

Anayeona uzito wa kuanza, Mama Tiketi ametutuma tumwambie hivi: neno la kwanza si lazima liwe zuri, wala si lazima liwe radhi. Mmoja akimuuliza mwenzie saa ngapi, inatosha.

Hitimisho

Mungu akujalie safari njema ya kurudi, Mheshimiwa, ila asiiharakishe. Awalinde wasanii mnaorudi kwenye miji isiyolala, amfungulie yule mama njia ya anga aje aione meza yake ikiwa imechakaa kwa kutumika, na atupe sote afya, kazi, na watu wa kusema nao.

Mlango wa chumba cha ndani uko kushoto kwako. Fundi Taa ameshawasha.

Ni sisi,
Wafanyakazi wa Ukumbi:
wa dirishani, wa chini ya ngazi, wa juu ya ngazi, wa milangoni, na wa kumwaga ndoo.